Kumi na Mmoja wa Kocha Wetu

Kabla ya uhuru tulicheza mpira bure, Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu tukarudi kwenye kiwanda cha pamba tukichechemea. Uhuru ulipofika, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa kiwanda alivuka mpaka wa Kavimvira na gari lililojaa viti na mapazia. Mkongomani aliyekaa mahali pake alipenda mpira kupita kiasi. Ndiye aliyeamua kwamba wachezaji wa timu ya kiwanda walipwe kwa kucheza tu, na kazi ya mashine waachiwe wengine.

Mwanzoni watu wa Uvira walitucheka. Mama mkwe wangu alimwuliza mke wangu, nami nikiwa nimekaa palepale, "Muntu muzima analipwa juu ya kukimbia?" Wakaacha kucheka tulipowafunga watu wa Bukavu nyumbani kwao. Siku ile tuliporudi, barabara ilijaa watu kuanzia Sange, na wanawake wa sokoni walitutupia mchele kama maharusi.

Mimi nilikuwa winga wa kulia. Nilikaa mtaa wa Songo na mke wangu, katika nyumba mpya ya matofali ambayo bado haikuwa na milango ya ndani, na sikutamani kitu kingine duniani.

Kocha wetu alikuwa mtu wa Runingu. Zamani alipima pamba ya wakulima kwenye mizani. Alikuwa mwembamba, msemaji wa sauti ya chini, na alikuwa na desturi moja iliyotutesa. Kabla ya kila mechi alitusimamisha wote mbele yake, akamtaja kila aliyemchagua na sababu ya kumchagua. Halafu akamgeukia aliyemwacha, akamweleza naye sababu. Hakuficha kitu. Tulimwogopa kwa jambo hilo, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba alipendelea mtu.

Wawili kati yetu walikuwa juu ya wengine. Wa kwanza ni kipa, mvuvi kutoka kandokando ya ziwa, ambaye mikono yake ilinuka ndagala hata baada ya sabuni. Alidaka mpira akiwa kimya, bila kuruka kwa madoido. Wa pili ni namba kumi, kijana wa Sange, mtoto wa mkulima wa mpunga. Huyo alipokea mpira jinsi mtu anavyopokea sahani ya mchuzi wa moto, taratibu, bila kumwaga. Mabeki walimzunguka wakidhani amelala, wakija kushtuka amekwisha kupita. Baba yake hakuja kumwona hata mara moja. Alisema mpira ni uvivu uliovaa kaptula.

Kisha uasi ukatufikia kutoka bondeni. Asubuhi moja tulisikia risasi upande wa mto Mulongwe, na jioni mji ulikuwa mikononi mwa watu waliovaa majani na ngozi za wanyama kichwani. Mkuu wa kiwanda aliburutwa kutoka ofisini pamoja na makarani. Tuliambiwa wanapelekwa kuhojiwa. Miili yao ililala kando ya mto mpaka harufu ikawafukuza waliokwenda kuteka maji. Kila aliyekuwa amevaa miwani au tai aliviweka mbali. Mimi nilikaa ndani na mke wangu aliyekuwa mjamzito, tukala muhogo, tukanyamaza.

Majuma kadhaa yakapita, ndipo mkubwa mmoja wa waasi akamwita kocha. Kocha alitusimulia yaliyosemwa. Mkubwa yule alikuwa amewahi kutuona tukicheza na alitukumbuka kwa furaha. Alisema wapiganaji wake wamechoka, wanataka kuona mpira. Kutakuwa na mechi Sange, siku ya soko.

"Nichagulie kumi na mmoja," alimwambia. "Lakini wakubwa kabisa. Sitaki watu wa kujaza nafasi."

Leo ninajua jinsi ya kulisikia neno kama hilo. Wakati ule sote tulilisikia kama habari njema. Atakayechaguliwa atakula nyama ya jeshi, atapewa karatasi ya kupita vizuizi, hatapigwa barabarani. Tulikwenda uwanjani mchana ule tukiwa na njaa, wengine majuma mengi hawajagusa mpira, tukakimbia kama watu wanaofukuzwa. Kocha alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akatusimamisha mbele yake, kama siku zote.

Akamtaja kipa. Akamtaja namba kumi, akasema, "Weye, sababu haiko lazima niseme." Akaendelea mpaka winga wa kulia, na akamtaja kijana aliyejiunga nasi karibuni, aliyekuwa mbadala wangu.

Siku ile hakuwaeleza aliowaacha. Nilisubiri wengine watawanyike, nikamfuata. "Muzee, minye nimekosa nini?"

"Haukukosa kitu. Weye iko muchezaji muzuri. Lakini wameomba wakubwa, na ule mutoto amekupita. Alikupita tangu mechi yake ya kwanza. Nilikuwa ninangoja uone mwenyewe."

"Muke wangu iko na mimba. Hatuna chakula."

"Ninajua," alisema. Nikaona kwamba lilimuuma. "Lakini minye sichague kwa tumbo."

Nilirudi Songo nimemchukia. Mke wangu aliniuliza nina nini, nikamjibu vibaya.

Siku ya soko lori liliwachukua mbele ya kiwanda. Nilikwenda kutazama, sikuweza kujizuia. Walipanda wakicheka, viatu vya mpira vimefungwa kamba shingoni. Yule kijana aliyechukua nafasi yangu aliniona, akainamisha macho kwa adabu. Kocha alitaka kupanda nao, lakini mpiganaji mmoja alimsukuma kifuani akamwambia wazee hawatakiwi. Lori likaondoka. Kocha akabaki amesimama barabarani na mfuko wa machungwa aliyokuwa amewaandalia kwa mapumziko.

Hawakurudi siku ile, wala juma lile. Tulisema labda mechi imekuwa mbili, labda wamepelekwa kucheza mahali pengine. Kisha kipa akarudi peke yake. Alikuwa amepita katika matete ya mto Ruzizi, miguu imechanika, na amevaa shati la mtu mwingine. Hakwenda kwao. Alikwenda nyumbani kwa kocha, na kocha akatuma niitwe, kwa kuwa ndiye niliyekaa karibu.

Alisimulia akiwa amekaa chini, mgongo ukutani. Sange hapakuwa na mechi. Lori halikusimama hata sokoni. Walipelekwa mbele, upande wa Kamanyola, ambako askari wa serikali walikuwa wakishuka kutoka Bukavu. Huko mganga wa waasi aliwanyunyizia maji ya dawa ya kuzuia risasi. Wakapewa mikuki, wengine fimbo tu, wakawekwa mstari wa kwanza.

"Kwa nini nyinyi?" kocha aliuliza. "Hamujui hata kushika bunduki."

"Yule mukubwa alisema ameona miguu yetu," kipa alijibu. "Alisema batu wenye kukimbia hivi, risasi haiwezi kuwapata. Akawaambia wapiganaji wake, angalieni hawa, muwafuate."

"Na namba kumi?"

"Alikimbia mbele ya wote. Muzee, alikuwa anafikiri ni kweli."

Kipa alimaliza mwenyewe: wengine aliwaona wakianguka, wengine hakuwaona, ila hakusikia sauti ya yeyote baadaye. Kisha akaomba maji. Jumla ya maneno aliyowahi kuyasema juu ya siku ile ni hayo. Baada ya siku chache akachukua mtumbwi wa ndugu yake, akavuka kwenda upande wa Burundi, na sikumwona tena.

Kocha aliamua kwenda kwa wazazi wa kila mmoja. Nilimwambia aache, watamwua. Akasema, "Minye ndiye niliyesimama mbele yao." Nikamfuata, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hasira yangu ilikuwa imekwisha na sikujua niweke nini mahali pake. Katika nyumba nyingine tulilia pamoja na watu. Katika nyingine tulifukuzwa. Mama wa yule kijana winga alinishika mikono akanishukuru kwa kuja, naye hakujua mimi ni nani, na sikumwambia.

Sange tulifika kwa miguu, tukipita kando ya mashamba ya mpunga ili kukwepa vizuizi. Mama wa namba kumi alikuwa akipepeta mchele. Habari alikuwa amekwisha kuipata. Tulijua kwa jinsi alivyoendelea kupepeta.

"Ni weye ulimuchagua?" alimwuliza kocha.

"Ndiyo, mama."

"Walikuwa wengi kwenye ile timu. Mbona haukukamata mwingine?"

"Kwa sababu hakuna aliyemupita. Wala hapa, wala Bukavu. Sijaona mwingine."

Mama aliweka ungo chini. Baba alikuwa nyuma ya nyumba akinoa jembe, na sauti ya jiwe kwenye chuma ilitufikia. "Enda ukaseme hivyo kwa baba yake," mama alisema. "Umwambie vizuri. Yeye hakumuona hata siku moja."

Kocha akazunguka nyumba. Nilisikia kila neno. Hakuomba msamaha. Alimweleza yule mzee mtoto wake alivyocheza: bao la Bukavu alilolifunga kwa kisigino, siku ya mvua alipowapita watatu kwenye tope na kusimama kumngoja wa nne, jinsi alivyompa mpira mwenzake ambaye hajafunga bao mwaka mzima ili naye afunge. Alisema kwa sauti yake ileile ya chini, na sababu ya kila jambo. Jiwe liliacha kusugua.

"Basi," mzee alisema. "Muende sasa."

Hatujatoka uani, jiwe likaanza tena.

Askari wa serikali walipouteka tena mji, mauaji hayakupungua; yalibadili mikono. Mtu mmoja alimshtaki kocha kwamba aliwapa waasi vijana. Walimkamata asubuhi, mbele ya watoto wake. Nilikwenda kambini na chakula, nikamwambia askari wa mlangoni kwamba kocha alidanganywa, kwamba ilikuwa mechi. Askari akanicheka usoni. Alisema, "Tulimuuliza kama ndiye aliyewachagua. Akajibu ndiyo. Unataka tufanye nini tena?" Chakula akakichukua. Mara ya pili nilipokwenda akaniambia nisirudi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kula. Mwili hawakutupatia. Mkewe alirudi Runingu na watoto, na mimi nikaacha mpira.

Nilikuwa mzee mwenye wajukuu wakati kamati ya uwanja iliponiita. Walitaka kuchora ukutani kumi na mmoja wakubwa kuliko wote wa zamani, wa wakati ule timu ya kiwanda ilipoanza kulipa wachezaji. Walioona mechi zile tulikuwa tumebaki wachache. Niliwataja wale kumi na mmoja bila kufikiri, mmoja mmoja, na mahali pa kila mmoja. Mwenyekiti, mtu mpole aliyeweza kuwa mwanangu, alinikatiza.

"Lakini papa, winga wa kulia si ni weye? Watu wanasema hivyo."

"Kulikuwa na mwingine."

"Ule hatumujui. Weye ungali mzima, watu watafurahi kukuona hapa."

"Alikuwa amenipita," nilisema. "Muchore yeye."

Walikubali. Nilipotaja kocha, hawakukubali. Mmoja wao alikuwa wa ukoo wa beki wetu wa kushoto aliyepanda lori lile, akasema jina la mtu yule halitaandikwa kwenye ukuta ambao yeye atapita kila siku. Nilibishana mpaka pumzi ikaniishia. Nilishindwa. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Mchoraji alikuja siku iliyofuata kuniuliza sura zao. Picha hazikuwepo, zilichomwa pamoja na ofisi ya kiwanda. Niligundua kwamba naweza kumwonyesha kila mmoja alivyokimbia, alivyoweka mabega, mguu gani alioutanguliza, lakini nyuso zimeondoka. Mchoraji hakulaumu. Akawapa wote uso mmoja, uso wa kijana mzuri asiye na jambo, na jezi nyeupe.

Ukuta ulipokaribia kwisha, mama mmoja mzee alishushwa na pikipiki kutoka Sange. Alikuwa dada mdogo wa namba kumi. Alipita mbele ya wote polepole, akasimama mbele ya kaka yake, akatikisa kichwa.

"Hapana. Huyu si yeye. Masikio yake yalikuwa makubwa, mama alikuwa anamuchekea."

Mchoraji aliangalia kwangu. Masikio yale sikuyakumbuka kabisa. Akachovya brashi.

"Makubwa namna gani, mama?"

Akamwonyesha kwa mikono yake miwili, kando ya kichwa chake mwenyewe, akaishikilia hivyo mpaka mchoraji alipomaliza kuchora.