Plamu Zilizoungua Mbele ya Macho Yangu

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha jemu cha Thika, msimamizi wa ukumbi wa kumenya matunda alinipa kisu, aproni na jozi mbili za glavu. Nilidhani jozi ya pili ni ya kesho yake. Alikuwa mama mrefu asiyependa kurudia neno.

"Vaa zote," akasema. "Nanasi itakula hizo mikono kabla ya chai ya saa nne."

Nilivaa jozi moja, kwa sababu mbili zilifanya vidole viwe vizito. Saa nne ilipofika, nilishindwa kushika kikombe. Maji ya nanasi yalikuwa yamepenya na kunichubua vidole vyote. Niliporudi mezani nilivaa zote mbili. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka kwetu Murera, na nilichojua kuhusu jemu ni kwamba inapakwa kwenye mkate.

Mwezi wangu wa tatu hapo, nilisikia harufu ya sukari inayoungua. Nikamwambia msimamizi.

"Hapa hakuna kitu inaungua," akajibu. "Menya."

Dakika chache baadaye tukasikia watu wakikimbia katika chumba cha kuchemshia, nyuma ya ukuta wetu. Sufuria moja kubwa ilikuwa imeanza kushika chini. Waliiwahi. Mpishi Mkuu, mzee mnene aliyevaa gambuti nyeupe, akatoka akifuta jasho na kuuliza ni nani aliyesema. Msimamizi akanionyesha kwa kisu.

"Ulisikia harufu ukiwa hapa hapa?" mzee akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kesho usikuje hapa. Kuja kwangu."

Hivyo ndivyo pua ilivyonipa kazi. Mengine nilifundishwa na yule mzee. Alinifundisha kuhusu pektini, gundi iliyo ndani ya tunda lenyewe, hasa kwenye maganda na mbegu, ambayo hufanya jemu ishike badala ya kubaki uji. Mapera na plamu zina gundi nyingi. Nanasi na stroberi zina kidogo, kwa hivyo tulizisaidia kwa maji ya ndimu. Alinifundisha kuchanganya matunda yaliyoiva na machache ambayo bado magumu. "Tunda likiiva sana ni tamu kwa mdomo," alikuwa akisema, "lakini gundi imeisha." Alinifundisha pia kipimo cha sahani: unadondosha tone kwenye sahani baridi, unalisukuma kwa kidole, na likikunjamana kama utando wa maziwa, unazima moto. Kiwanda kilikuwa na kifaa cha kupima sukari, kidogo kama tochi, unakichungulia kwa jicho moja. Mzee alikitumia kwa sababu kampuni ilitaka, lakini kwanza aliinamia sufuria na kunusa. Mimi nikawa hivyo hivyo.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa Ruiru, kwenye kiwanda kidogo kilichopika plamu, stroberi na pasheni. Sasa Mpishi Mkuu nilikuwa mimi. Niliolewa na Kamau, fundi wa mabomba, tukajenga Murera karibu na mama yake. Binti yetu tulimwita Njeri. Aliyekuwa juu yangu kazini ni Meneja wa Ubora, msichana aliyetoka chuo kikuu akiwa na daftari na maswali mengi. Aliniita Mama Njeri na kunisikiliza, lakini kila nilipomwambia kwamba pua yangu inatosha, alinijibu, "Sawa, Mama Njeri, lakini andika na namba."

Nilikuwa nimebakisha miaka michache nistaafu nilipopata homa kali. Ilinilaza wiki nzima. Nilipoamka nilikuwa na nguvu, ila chai haikuwa na harufu. Sabuni haikuwa na harufu. Nilifungua mkebe wa kahawa, nikaingiza pua yote ndani, ikawa kama ninanusa kikombe kitupu.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia itarudi. Kazini nilishika kile kifaa cha sukari kuliko nilivyowahi kukishika maishani, na Meneja wa Ubora akanisifu kwa kuandika namba vizuri. Niliitikia sifa hizo na kurudi kwenye sufuria. Hali hiyo iliendelea karibu wiki tatu.

Sasa nyumbani kwetu tulikuwa na desturi. Plamu zikifika kwa wingi sokoni Thika, tunanunua karai mbili na kupika jemu ya mwaka, familia yote. Kamau huosha chupa na kuzichemsha. Mama mkwe, ambaye sote tulimwita Shosho, yaani bibi, hukaa kwenye kiti nje ya mlango wa jikoni akitoa mbegu. Njeri hukata. Mimi ndiye mpishi, na hakuna aliyewahi kuushika mwiko wangu.

Jumamosi ya mwisho ya wiki hizo tatu, nilikuwa nimesimama juu ya sufuria nikiwasimulia kisa cha kazini, nikikoroga juu juu. Shosho akainua kichwa.

"Nyambura," akaniita, "kuna kitu inaungua."

"Hapana, mama. Ni kwa jirani."

Akasema tena, polepole, "Ni hapo kwako."

Njeri aliweka kisu chini akaja. Aliusukuma mwiko hadi kwenye kitako cha sufuria, na vipande vyeusi vikapanda juu. Alinitazama usoni.

"Mum, si nyumba yote inanuka? Husikii?"

Kamau alizima gesi, akaonja kidogo kwenye ncha ya kijiko, akakiweka kijiko chini.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ile homa."

"Na kazini wanajua?"

Nikatikisa kichwa. Nilikaa kwenye ndoo ya plamu iliyofunikwa, nikalia mbele ya mtoto wangu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Niliogopa. Mpishi asiyesikia harufu, niliwaza, atapewa nini? Kisu na glavu mbili, au barua ya kwenda nyumbani. Shosho aliingia akiwa na vidole vyekundu kwa plamu, akasimama kando yangu.

"Mimi siku hizi macho haioni uzi," akasema. "Si huwa naita Njeri anitungie sindano? Kwani nimewacha kushona?"

Kamau hakubembeleza. "Jumatatu umwambie huyo meneja. Ama unangoja sufuria ya kiwanda ikusemee?"

Jumatatu nilimwambia. Alifunga mlango wa ofisi.

"Wiki tatu, Mama Njeri," akasema. "Ungeniambia siku ya kwanza ningekusaidia. Sasa lazima nifungue kila kitu ulichopika."

Alifungua. Watu wawili walionja jemu ya kila sufuria ya siku hizo, nami nikiwa nimesimama pale. Moja ya stroberi ilikuwa na uchungu wa kuungua. Kwa bahati ilikuwa bado stoo. Yote ilimwagwa, na niliitazama ikimwagwa mpaka mwisho. Aliniondoa kwenye sufuria kwa miezi miwili, akaniweka kufundisha wapishi wapya. Sikulalamika, kwa maana alikuwa na haki.

Ni katika miezi hiyo nilipojifunza kazi yangu upya. Jemu ikianza kuchemka ina kelele, mapovu madogo yanapasuka haraka. Maji yakipungua, sauti inashuka, mapovu yanakuwa makubwa na mazito. Mwiko nao unasema. Chini kukiwa safi, unateleza. Kukianza kushika, mkono unahisi kitu kama mchanga kabla ya pua yoyote kusikia harufu. Mambo haya yalikuwepo siku zote, lakini pua ilinifanya mvivu.

Niliporudi kwenye sufuria, niliomba mambo mawili na Meneja wa Ubora akayafanya kuwa sheria: kila sufuria iwe na watu wawili, na kila mmoja akiwa na homa aseme asubuhi hiyo hiyo, bila kuadhibiwa. Sheria hizo niliziacha zikifanya kazi nilipostaafu. Harufu ilirudi nusu. Moshi nausikia, kahawa naisikia. Plamu, mpaka leo, sizisikii.

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi hii nawaambia nilikuwa mpishi mzuri, na sioni haya kusema hivyo. Nawaambia pia kwamba kosa langu kubwa halikuwa kupoteza pua. Ugonjwa hauombi ruhusa. Kosa lilikuwa kunyamaza huku watu wakila nilichopika.

Shosho ametuacha, tukamzika hapa Murera. Njeri anaishi mtaa wa Kahawa Sukari na mume wake, na wikendi anakuja kupika nasi. Mwezi uliopita alileta maembe na pasheni, akasema atatumia sukari nusu ya ile ninayotumia mimi.

"Haitashika," nikamwambia. "Nimefanya hii kazi kabla hujazaliwa."

"Najua, Mum. Wacha tu nijaribu."

Alichemsha mbegu na maganda ya ndimu ndani ya kitambaa, akaendelea kukoroga baada ya mimi kusema azime. Ilikuwa vigumu kukaa kimya, lakini nilikaa. Asubuhi nilifungua chupa moja nikaiinamisha, na jemu haikusogea. Nikala vipande viwili vya mkate nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kalamu, nikampelekea Njeri kitandani pamoja na chai, nikamwomba aniandikie vipimo.