Dungu la Nyanya Ng'ambo ya Kalvati

Wiki jana shule ya mwanangu hapa Garsen ilinitumia ujumbe: mtoto wa gredi ya kwanza anayeishi chini ya kilomita mbili hapandi basi. Wamepima kwa simu. Kwetu ni kilomita moja na nukta tisa! Nilikasirika, kisha nikacheka peke yangu jikoni, maana mambo haya nayajua tangu utotoni.

Kwetu Idsowe mpaka ulikuwa kalvati. Ukiishi ng'ambo yake na hujafika darasa la nne, basi la shule linakubeba. Ukiishi huku, tembea. Nyumba ya nyanya, tulimoishi, ilikuwa huku, hatua chache tu kabla ya kalvati. Nililia siku mbili, kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wenzangu na kila asubuhi waliniacha nyuma na vumbi lao.

Nyanya hakubishana na mtu. Shamba lake la mpunga lilikuwa ng'ambo, na humo alikuwa na dungu, kile kibanda cha juu cha kufukuzia ndege. Alijitwika sufuria na mkeka, akanishika mkono, tukahama.

Mwalimu mkuu naye si mjinga. Jioni moja akaja na baiskeli yake.

"Nyanya, huyu mtoto analala wapi?"

"Panda ujionee, mwanangu. Lakini kula kwanza."

Akala wali na kambare wa kukaanga, akapanda ngazi, akauona mkeka wangu, akashuka akijipangusa mdomo. "Haya, kesho asimame barabarani."

Weee, raha niliyoiona! Nilikaa dirishani nikijidai kama mke wa chifu. Kila asubuhi nyanya aligonga kopo lake la kutishia ndege juu ya dungu, ko-ko-ko-ko, na dereva akamjibu kwa honi.

Nilidhani anapenda kulala kule. Siku niliyoingia darasa la nne, sufuria ilikuwa kichwani mwake kabla sijavaa viatu. "Twende nyumbani. Mgongo wangu umechoshwa na mbao." Miaka mitatu, na hakuwahi kulalamika hata mara moja.

Dungu lilibebwa na mafuriko, kalvati imefukiwa, nyanya ametangulia. Jamani, namkumbuka sana. Mimi nimepanga chumba mjini, sina shamba la kuhamia. Leo asubuhi nilitembea na mwanangu, na basi lilipokaribia akainamisha kichwa. Nikaokota kopo kando ya barabara, nikaligonga kwa funguo, ko-ko-ko-ko. Dereva akapiga honi! Mtoto akacheka mpaka getini.

Kesho anataka twende tena kwa miguu. Kopo amelificha chini ya kitanda.