Kilichonguruma Chini ya Mto

Nimeloweka kamba ya katani kwenye beseni, hapa nyumbani Manundu, na harufu yake imenirudisha mtoni. Simu ilikuwa inaeleza sauti za ajabu zinazosikika chini ya bahari: pengine ni barafu inapasuka, pengine nyangumi, pengine volkano. Nimeizima. Hizo pengine zimenichosha.

Siku hiyo, nikiwa mtoto, mama alikuwa anafua mtoni nguo za kazi zilizoganda utomvu wa mkonge, na mgongo wake ulikuwa umepinda tangu asubuhi. Mimi nilizamisha kichwa majini, nikaibuka haraka.

"Mama, huko chini kuna kitu kinanguruma!"

"Mawe hayo, yanasukumwa na maji," alisema jirani yetu aliyekuwa anasugua masufuria.

"Mawe gani? Hiyo mashine ya korona inachakata mkonge kiwandani," mwenzake akambishia. "Inatikisa mpaka ardhi."

Wakabishana weee, mpaka povu likawakaukia mikononi. Mama aliacha nguo, akakaza kanga yake, akapiga magoti na kuzamisha kichwa chote. Akakaa huko. Nikashika pindo la kanga yake kwa mikono miwili, nikavuta.

Aliibuka taratibu, maji yakimchuruzika usoni.

"Umesikia, mama?"

"Sijasikia kitu, mwanangu. Huko kumetulia."

Akanibandua vidole kwenye kanga, kimoja kimoja, bila hasira.

"Hebu niache kidogo nipumzike," alisema, akarudisha kichwa majini.