Nakala ya Mfukoni

Chizuko Yanagisawa alikuwa hajalia. Mumewe alifariki, mwili ukachomwa kwa desturi yao, siku arobaini na tisa za matanga zikatimia, majivu yakazikwa, jamaa wakala wakaaga, na machozi hayakuja. Kazini walimsengenya weee mpaka wakachoka. Alikuwa amekufa ganzi, basi. Chakula kilishuka, usingizi ulikuja, na ndani kimya.

Kazi yake ilikuwa makaratasi, na msidhani ni kazi ya mchezo. Kampuni ilikuwa na helikopta tatu za kupeleka mchele, gesi na bia kwenye vibanda vya wapanda milima juu ya mji wa Azumino. Kila ubovu uliogunduliwa ulipita mezani kwake: upi utengenezwe kabla ya kuruka, upi uweze kungoja, na ungoje siku ngapi. Siku hizo hazitoki kichwani mwa mtu, zimeandikwa katika kitabu cha kanuni za matengenezo. Ukurasa mpya ukifika, Chizuko huchomoa wa zamani, huugonga muhuri wa kuubatilisha na kuukatakata. Kisha huwazungukia mafundi kukusanya nakala za ule wa zamani, maana wanaokwenda kupakia mizigo kule kando ya mto hawawezi kubeba kitabu kizima. Hubeba nakala mfukoni, na kila nakala ina mstari wake kwenye daftari la Chizuko.

Jumanne moja ya Juni alikuwa akipitia orodha ya vibovu vinavyongoja. Husomwa kwa tarehe ya mwisho, ya karibu kwanza, na chini kabisa akakuta mwandiko wa mumewe. Helikopta ya pili, kipimo cha uzito kwenye ndoano ya mizigo, mshale unakwama. Kingoje siku mia moja na ishirini. Na muhuri mwekundu: Yanagisawa. Takeharu alikuwa fundi wa hapo hapo, na hiyo ilikuwa karatasi yake ya mwisho. Siku nne baadaye alianguka mezani asubuhi, akiwa na vijiti vya kulia chakula mkononi, akafa. Karatasi ilipofika mezani kwa Chizuko, yeye alikuwa msibani, na aliyemshikia nafasi alinakili tu alichokiona.

Akafungua kitabu. Siku kumi. Ukurasa ulikuwa umebadilishwa tangu Machi, na leo ilikuwa siku ya hamsini na nane.

Hakuhitaji kuuliza zile siku mia moja na ishirini zilitoka wapi. Nakala alimtolea mwenyewe, miaka miwili nyuma. Daftarini hakuiandika. Utamwandikaje daftarini mtu mnayelala chumba kimoja? Machi ilipofika alijiambia atamdai nyumbani, na nyumbani wakazungumza habari za bomba linalovuja.

Alikwenda moja kwa moja kwa Momose, mkuu wa mafundi, aliyefanya kazi na Takeharu miaka thelathini. Momose hakupoteza hata dakika. Alimwita rubani kwa redio, akamwambia aweke mzigo chini arudi. Kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Shemeji, ndege nimeishusha," alisema. "Hilo la hatari limekwisha. Kwenye ripoti, pale pa sababu, tuandike nakala zilichanganyika. Yatosha."

"Nakala ya nani?"

"Wakaguzi hawatauliza. Miaka thelathini hana doa hata moja, unataka apate la kwanza akiwa kaburini? Na wewe usijitie kitanzi bure."

Chizuko aliitazama kalamu yake. "Angekuwa hai ningemwandika, bosi. Tungegombana njia nzima mpaka nyumbani, lakini ningemwandika."

Momose aliinamisha kichwa, akaisogeza fomu upande wake. "Haya. Andika."

Akaandika majina mawili. La aliyetumia nakala iliyobatilishwa, na la aliyeitoa bila kuiingiza daftarini. Mwandiko wake haukutetemeka, na hilo lenyewe lilimchukiza.

Kesho yake walikijaribu kile kipimo kwa mawe ya mizani. Kilikuwa kizima, uchafu tu uliingia kwenye kiungo cha waya. Mafundi wakaguna. Mke gani huyu, walisema, anamchafua marehemu kwa sababu ya vumbi. Walisema karibu naye makusudi ili asikie, naye akasikia, akaendelea kupanga kurasa.

Jioni alipika wali, akapakua kibakuli cha kwanza, akakiweka mbele ya picha ya Takeharu kama ilivyo ada. Akapiga magoti, akamweleza yote, kuanzia mshale uliokwama hadi kiungo cha waya. "Nimekuandika," alimwambia. "Na mimi nimejiandika."

Halafu akakaa anangoja. Alijua mwanamume yule angeanzia wapi: kwamba yeye Chizuko anajifanya polisi, kwamba hajawahi kusimama kando ya mto mvua inanyesha na helikopta inanguruma juu ya kichwa. Jibu lake alikuwa nalo tayari, kali, la kumnyamazisha. Alingoja mpaka mvuke wa wali ukakatika.

"Nigombeze basi," alisema.

Chizuko akaweka paji la uso sakafuni, akalia mpaka sauti ikamkauka.