Usiku wa Alasiri

Harufu ya mafuta ya taa ikinipitia puani mchana, huwa mtoto tena, niko Maskati ndani ya kuta za mji, katika chumba chetu cha madirisha ya mbao na joto la kukata pumzi. Tulikuwa tumetoka Unguja mwaka 1964. Bibi, ambaye kule alisimulia hadithi mpaka watoto wa jirani wakasinzia mlangoni kwetu, alikuja na sanduku lake na kanga zake, hadithi akaziacha huko. Tukimwomba, alisema amesahau. Hakuwa amesahau, alikuwa na majonzi, nasi tukaanza kuogopa kwamba hatutazisikia tena.

Basi akaanza kuja Bi Ligaya, muuguzi Mfilipino, kumfunga Bibi kidonda cha mguu. Alikuwa mfupi, mcheshi, na halua yetu aliila bila kubembelezwa. Kwao alikuwa mwandishi wa hadithi fupi, lakini alimwambia mama, aliyesoma Kiingereza Unguja, kwamba tangu aje ugenini kalamu imemgomea. Alasiri moja akamwomba Bibi hadithi, moja tu. Mama akatafsiri.

"Hadithi hazisimuliwi mchana, mwanangu," Bibi akasema. "Utaota mkia."

Bi Ligaya akacheka, kisha akasema usiku hawezi kuja. Yeye alikuwa akilala Matrah, mji wa jirani nje ya kuta, na usiku lango la mji wetu lilifungwa. Tena safari yake ya kurudi kwao ilikuwa karibu. Bibi akamtazama kitambo, akajiinua kwenye mto.

"Fungeni madirisha. Washeni kandili. Usiku nnao miye."

Tukaziba nyufa kwa kanga, jasho likitutiririka, na nje wauza samaki wa kijiji cha Sidab wakinadi kwenye jua kali. "Paukwa!" Bibi akaita. Nikajisikia nikipiga kelele, "Pakawa!" Akasimulia habari za mwanamke aliyehama na kisima chake kichwani bila kumwaga tone, na mama akatafsiri huku analia. Tangu hapo kila alipokuja Bi Ligaya tulitengeneza usiku. Kidonda kilipona, naye akaendelea kuja.

Aliporudi kwao aliandika, na kitabu kikatufikia, mama akatusomea. Kisima hakikuwamo. Alikuwamo bibi kizee aliyewasha taa mchana, akiita Paukwa na kuitikiwa Pakawa, kwa Kiswahili hivyo hivyo. "Kumbe alikuwa akinitazama miye!" Bibi akasema, akawa anamwonyesha kila mgeni kitabu asichoweza kukisoma, nasi tukavimba vichwa pamoja naye. Mimi changu hakijanywea mpaka leo.

Sasa nakaa Bawshar, nje ya mji wa kale, ambako taa hazizimiki na wajukuu zangu hadithi huzitafuta kwenye simu. Juzi muuguzi kijana, Mfilipino, alikuwa akinipima presha, nikamtajia jina la marehemu Bi Ligaya. Akasema walimsoma shuleni, hasa ile hadithi ya bibi wa taa. Nikamwambia yule ni bibi yangu. Akatabasamu kwa adabu, kama watu wanavyowatabasamia wazee. Nikanyoosha mkono, nikavuta pazia mpaka kukaingia kiza.

"Paukwa," nikasema.

Akaweka chini kipimo chake.

"Pakawa," akajibu, akavuta kiti, akaketi.