Karatasi Ndani ya Gitaa la Baba

Enzi zetu pale Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, sisi watoto wa mpiga gitaa wa harusini tulijua kuchagua gitaa la umeme kama wenzetu walivyojua kuchagua nazi. Kwanza kifua: kimebenuka au ni bapa? Kisha yale matundu mawili marefu yaliyojipinda. Halafu unagonga mgongo kwa kidole. Likiitika lote, ndani ni tupu. Likiitika pembeni tu, katikati lina kipande cha mti. Mwisho unachungulia tunduni, usome karatasi iliyobandikwa ndani, yenye aina na namba.

"Rangi inapakwa upya, jina linafutwa," baba alikuwa akisema. "We soma karatasi."

Lake lilikuwa nene, tupu kabisa, likiungwa kwenye spika ya betri ya gari. Ramadhani ikiingia, bibi aliziba matundu yake kwa vitambaa vya kanga, eti lisije likalia lenyewe watu wamefunga. Tulikuwa tunacheka mpaka tunafukuzwa uani.

Nikiwa na miaka minane baba alishikwa na homa mbaya. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa akituandikia kombe, yale maandishi yanayooshwa kwa maji mgonjwa akanywa, alikuwa amevuka mpaka pale Namoto, yuko Tanzania. Mimi nikaona maandishi ni maandishi tu. Nikaibandua ile karatasi kwa waya, nikailoweka, nikamnywesha baba kikombe kizima. Akapona. Alipogundua hakunipiga. Alisema, "Basi namba yake ninayo tumboni," akacheka hadi akakohoa.

Vita ilipokuja tulikimbia, gitaa likabaki. Tuliporudi hata milango haikuwepo. Baba sasa ni mzee, macho yamefifia, na alichokililia katika nyumba nzima ni gitaa lile.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Palma akatangaza gitaa kwenye simu. Baba akanituma. Nikapanda pikipiki, nikafika, nikagonga mgongo. Likaitika lote. Nikachungulia: alama ya gundi, na kona ndogo ya karatasi iliyobaki pale waya wangu ulipokwama. 

"Hili la baba yangu," nikasema.

"Namba yake, mzee?"

Vijana wa leo! Alilielekezea simu, simu ikampa majina matatu tofauti ya gitaa, naye akayaamini yote. Kugonga hajui. Lakini namba sikuwa nayo, na gitaa alishapatana bei yake na mtumishi mmoja wa serikali anayehamishiwa kusini. Huyo alikuja mbele yangu, akalifunga kwenye shuka, akaondoka nalo. Nilisimama pale kama mjinga.

Nyumbani baba alikuwa kibarazani.

"Uligonga?"

"Niligonga, baba."

"Likasemaje?"

Ningesema nini? Kwamba nimeliona, nimelishika, na aliyelipoteza ni mimi?

"Katikati lina mti. Silo."

Akashusha pumzi, uso ukamchangamka. "Basi letu bado lipo mahali."

Tangu hapo kila Ijumaa akitoka msikitini ananiambia nifungue simu nimsimulie magitaa yanayouzwa. Namsimulia kifua, tundu, mgongo. Zamani alinifundisha yote hayo ili mtu asije akanidanganya. Sasa ninayemdanganya ni mimi, naye ananisikiliza akiitikia kwa kichwa, ananiamini.