Mama wa Ndoo na Dakika Moja ya Kusoma

Mnisamehe kwanza mwandiko wangu. Mistari yangu inapanda na kushuka kama njia za Butembo, na pengine nimekosea maneno. Nilimaliza mwaka wa sita wa shule ya msingi, basi, na ukurasa mmoja unanichukua jioni mbili. Lakini jambo hili nilitaka niliandike mwenyewe, kwa sababu linahusu kusoma polepole.

Tulihamia Butembo kutoka upande wa Beni nilipokuwa mwaka wa tatu. Kwa sababu ya vita nilikaa mwaka mzima bila shule. Nilipoanza tena, wenzangu walikuwa wanasoma mbio, na mimi bado nilifuata maneno kwa kidole. Mwalimu akiniuliza kitu, nilijibu nikiangalia viatu vyangu.

Ulikuwa wakati wa Ebola. Kwenye mlango wa kila shule kulikuwa na ndoo ya kunawia yenye maji ya javeli, ile dawa ya kuua vijidudu, na harufu yake ilikaa mikononi mpaka saa ya kula. Ndoo ya shule yetu ilisimamiwa na mama mmoja mtu mzima aliyechaguliwa na kamati ya wazazi. Tulimwita Mama wa Ndoo. Alikuwa pia na kipimo cha joto, kile cha kuelekeza kwenye paji la uso. Wadogo walikiogopa, wakafumba macho.

“Fungua macho, papa,” alimwambia kila mvulana, kama kumwita baba. “Hii hapana bunduki.”

Ukifika thelathini na nane, huingii. Unakaa kwenye banki, yaani benchi, kando ya ukuta, unapimwa tena.

Mwaka huo huo, nikiwa mwaka wa tano, ofisi ya elimu ilileta agizo. Kila mwanafunzi angesoma kwa sauti mbele ya mkaguzi kwa dakika moja, na maneno yake yangehesabiwa. Asiyefika kwenye kiwango angekwenda kusoma na watoto wa mwaka wa tatu mpaka Pasaka, kisha angepimwa tena. Mwalimu alipotangaza, hakuniangalia. Nilijua kwa nini.

Ndugu yangu mdogo alikuwa mwaka wa tatu. Alifurahi sana.

“Yaya, kwa darasa yetu nafasi iko,” aliniambia mimi dada yake, nyumbani tukimenya maharagwe. “Lakini utakaa karibu na ule mutoto wa kamasi. Miye iko na rafiki yangu tayari.”

Mama alimtupia ganda la haragwe, lakini na yeye alicheka.

Asubuhi ya mtihani kulikuwa na baridi. Nilivaa kofia ya sufu ya mama, nikaivuta mpaka kwenye nyusi ili watu wasione kwamba nimelia. Nilipanda kilima karibu kwa kukimbia. Mlangoni nilinawa, nikavua kofia, Mama wa Ndoo akanipima. Akaangalia kipimo, akaniangalia mimi.

“Thelathini na nane. Kaa pale.”

Niseme ukweli: nilifurahi. Mgonjwa hafanyi mtihani. Nilikaa nikaanza kukohoa kidogo, ili kumsaidia kuamini.

“Acha kukohoa,” alisema. “Weye hapana mugonjwa. Ni ile kofia na kukimbia. Kaa tu, kichwa ipoe.”

Watoto wote walipoingia, alikuja akaketi kando yangu. Juu yetu, ukutani, kulikuwa na karatasi kubwa yenye picha za mikono na sabuni. Akauliza bila kuniangalia, akiniita mama kama wazee wetu wanavyowaita wasichana.

“Mama yangu, pale banaandika nini?”

Nilidhani ananitania. Miezi yote ile alisimama kando ya karatasi hiyo, akituonyesha kila picha kwa kidole. Lakini alingoja jibu kweli. Namba alizijua. Herufi hakuwahi kufundishwa na mtu.

Nikasoma. “Nawa... mikono... mbele ya kula.” Sauti yangu ilikuwa ndogo. Alirudia kila neno baada yangu, akisogeza kidole hewani. Nilipotaka kwenda haraka ili tumalize, alinishika goti.

“Polepole. Bale bengine banasoma mbio, sishiki kitu. Weye unasoma muzuri.”

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo. Nilimsomea karatasi yote, mpaka chini kabisa, pale palipoandikwa kwamba ukisikia joto mwilini umwambie mwalimu. Hapo alicheka, akanipima tena. Thelathini na sita na nusu.

“Haya, enda.”

Mkaguzi alikuwa amekaa katika ofisi ya mkuu wa shule na saa yake ya kubonyeza. Alitoka mkoa mwingine, na Kiswahili chake kilikuwa na Lingala ndani. Alinipa hadithi ya mbuzi aliyeingia katika shamba la jirani. Nikasoma kama nilivyomsomea mama yule, neno kwa neno. Saa ililia. Alisema, “Basi,” lakini mimi niliendelea mpaka mbuzi akashikwa na kufungwa kamba.

“Mbona haukusimama?” aliniuliza.

“Hadisi ilikuwa haiyaisha,” nilijibu, na safari hiyo sikuangalia viatu.

Aliniuliza maswali juu ya mbuzi, nikajibu yote. Akatikisa kichwa, akaandika namba yangu ya maneno. Ilikuwa ndogo. Siku ya Jumatatu niliketi katika mwaka wa tatu, magoti yakigusa meza, kando ya mtoto wa kamasi. Alikuwa mtoto mwema. Ndugu yangu aligeuka nyuma mara kumi siku ile.

Kila asubuhi, kabla ya kengele, nilikaa kwenye banki na Mama wa Ndoo. Tulipomaliza karatasi ya ukutani, nilimletea kitabu cha mwaka wa kwanza, kisha cha pili. Alifuata kwa kidole chake, mimi kwa changu. Sijui ni lini nilianza kusahau kuweka kidole. Baada ya Pasaka mkaguzi alirudi na saa yake, nikapita kiwango kwa maneno machache. Nikarudi kwa wenzangu.

Ugonjwa ulipoisha, ndoo ziliondolewa. Siku ya mwisho Mama wa Ndoo aliniita kwenye banki. Karatasi ilikuwa imepauka kwa mvua. Aliisoma yote peke yake, akipumzika palepale nilipokuwa nikipumzika mimi, na akikosea palepale nilipokosea. Kisha akaenda Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kwa binti yake anayeuza samaki. Hatukuonana tena.

Leo nikisikia harufu ya javeli, ninasikia baridi ya banki ile na mkono wake juu ya goti langu. Kama wewe unayesoma unakaa Kyavinyonge, na unamjua mama aliyewahi kusimamia ndoo ya shule Butembo, usimsomee barua hii. Mpe mkononi, aisome mwenyewe. Kisha mniandikie, yeye au ninyi, hata mistari mitatu. Niambieni kama bado anasoma. Andikeni kwa herufi kubwa, na msihofu barua ikiwa ndefu. Nitachukua muda, lakini nitafika mwisho.